Shangazi wa Simu ya Hapana Anaaga

Baada ya miaka ishirini na mitatu ya kuambiwa kwamba tovuti ilikuwa nzuri zaidi mwaka jana, mwenzetu mpendwa, mkuu wa Dawati la Wanachama, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Sherehe itafanyika saa nane mchana katika chumba cha mikutano. Viti vya ziada vimeazimwa kutoka duka la viatu lililo chini yetu, kwa hiyo tafadhali msivivunje.

Jina lake kamili lipo kwenye kitambulisho cha kazi, lakini hakuna anayelitumia. Wanachama humwita Shangazi, Mkurugenzi humwita Shangazi, na siku mume wake alipopiga simu ofisini akamtaja kwa jina la kwenye cheti cha ndoa, mlinzi alimjibu kwa heshima zote kwamba hapa hatuna mtu kama huyo. Basi na humu tutamwita Shangazi, tusije tukaonekana tunamsifu mtu mwingine.

Kwa wageni ambao hawaijui kazi yetu, tunaendesha tovuti ya historia za familia. Mwanachama anajiandikisha, anawaingiza wazazi, babu, bibi na wengine anaowajua, anaweka picha na visa vyao, na tovuti inamchorea mti wa ukoo. Kazi ya amani kabisa, mtu angedhani. Mtu huyo hajawahi kubadilisha rangi ya ukurasa wa mbele.

Shangazi aliingia hapa kama mpiga chapa. Enzi hizo wanachama walituletea majina ya mababu kwenye karatasi za kila aina, mpaka mifuko ya sukari iliyopasuliwa ikakunjuliwa, naye akiyaingiza kwenye kompyuta iliyokuwa ikikoroma kama mtu aliyeshiba. Kulikuwa na bwana mmoja aliyeandika kwamba yeye alizaliwa miaka miwili kabla ya baba yake. Shangazi akampigia simu kumuuliza taratibu kama ana uhakika. Bwana yule akavuta pumzi, akasema mambo ya familia yao yalikuwa magumu sana. Walizungumza mpaka chai ikapoa, na mwishowe ikajulikana kwamba aliandika tarehe ya baba wa kambo. Alipokata simu bwana yule alikuwa anacheka, na Mkurugenzi wa wakati ule akajua kwamba mpiga chapa wake yuko kwenye meza isiyo yake.

Ndipo likazaliwa Dawati la Wanachama, yaani meza ileile ikasogezwa karibu na dirisha na kupewa simu. Mume wake, fundi cherehani anayejulikana mtaani kwao kama Baba Pacha, alimshonea mto wa kiti kwa vipande vya nguo za wateja. Tangu hapo akakaa kitako.

Jambo kubwa aliloliacha hapa ni utaratibu wetu wa maoni, na ni lazima niueleze vizuri kwa sababu ndio uliotutia kwenye matatizo mwezi huu. Mkurugenzi wa zamani alikuwa na tabia ya kubadilisha mambo kimyakimya, kisha akishangaa kelele zinatoka wapi. Shangazi alimwambia waziwazi kwamba huwezi kuingia nyumbani kwa watu, ukahamisha picha ya marehemu babu yao ukutani, kisha ukategemea kukaribishwa chakula. Akadai kila badiliko litangazwe kwenye ukurasa wake maalumu kwa wiki mbili, na chini yake kuwe na vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Hapana zikizidi, badiliko linarudi lilikotoka. Na kura ya kwanza ikishaingia, ukurasa unafungwa kwa kufuli, asiwepo bosi wa kuufuta kwa sababu hakupendezwa na majibu, ila mwanachama anaruhusiwa kubadilisha kura yake mpaka siku ya mwisho.

Kisha akaongeza la kwake mwenyewe. Anayesema Ndiyo anapata ujumbe wa shukrani unaojituma, mstari mmoja, hauna hata jina lake. Anayesema Hapana anapigiwa simu na Shangazi. Yeye mwenyewe, kwa sauti yake, mmoja baada ya mwingine. Aliamini kwamba mtu aliyekataa anastahili kusikilizwa mpaka amalize. Ofisini tuliiita Simu ya Hapana. Ilianza kila mara kwa maneno yaleyale: "Haya niambie, nani kakuudhi?"

Na Jumatatu asubuhi, chai ikiwa mezani, alitusomea maoni ya wiki. Kusema alisoma ni kumpunja. Aliyaigiza. Akiwa mwanachama mwenye hasira alisimama, akiwa mwenye kulalamika alishika tama, akiwa yule mama anayeandika kwa herufi kubwa tupu alipanda juu ya kiti. Mhasibu wetu, mtu mkavu ambaye hata harusini kwake alikaa kama yuko kwenye foleni ya benki, aliwahi kutoka nje akijishika mbavu.

Kati ya mabadiliko aliyoyasimamia, la kuugeuza mti bado linasimuliwa. Zamani mababu walikaa juu na wajukuu chini. Mchoraji wetu akasema mti una mizizi, mizizi huwa chini, kwa hiyo mababu washuke. Loo! Mama mmoja muuguzi aliandika kwamba babu yake hajawahi kukaa chini ya watoto alipokuwa hai na hataanza sasa. Mwingine, mkulima wa mboga, alitupongeza kwa kupata akili baada ya miaka mingi. Seremala mmoja alisema ameshauchonga mti wa zamani kwenye meza ya chakula, na akauliza ofisi itagharimia meza au vipi. Bibi wa watu alichapisha mti mpya, akautundika sebuleni kichwa chini ili babu arudi juu, na wageni wake wote wakawa wanausoma shingo upande. Shangazi alizungumza nao wote, na mwishowe fundi wetu wa mitambo akaweka kitufe cha Geuza, kila familia ikae inavyotaka. Tulidhani tumemaliza. Sasa wanagombania kitufe.

Halafu likaja lile la salamu za siku ya kuzaliwa. Tovuti ilianza kuzituma yenyewe, na hakuna aliyekumbuka kuiambia kwamba wengi wa watu wetu hawapo tena duniani. Watu wakaamka wakakuta babu wa babu anapongezwa kwa kutimiza miaka mia na arobaini, na kutakiwa mingine mingi. Nusu ya wanachama walitaka kutula nyama. Nusu nyingine walifurahi mno. Mwalimu mmoja mstaafu alisema marehemu mama yake hakuwahi kuandaliwa siku ya kuzaliwa hata mara moja, acheni apongezwe. Shangazi aliyasoma haya ya mwalimu bila kuigiza, kisha akaomba kikombe kingine cha chai.

Lakini hakuna lililomtoa jasho kama picha za duara. Mchoraji yuleyule, Mungu ampe maisha marefu na kazi nyingine, aliona picha za mraba zimepitwa na wakati. Akazikata zote duara. Kofia zikapotea, vilemba vikapotea, masikio yakapotea. Kuna baba aliyekuwa amesimama pembeni kwenye picha ya harusi ya ukoo, akabaki kiwiko. Mwanawe aliandika, "Naomba mnirudishie mzee, hiki kiwiko sikitambui." Mama mmoja muuza vitambaa alitushukuru kwa moyo wote, kwa kuwa duara limemkata shemeji yake wa zamani ambaye yeye mwenyewe alishindwa kumkata kwa miaka tisa.

Hapa nitamsema Shangazi kidogo, atanisamehe. Wiki hiyohiyo ya picha za duara ndiyo wiki ambayo mmoja wa binti zake pacha alijifungua mjukuu wa kwanza, kwenye mji wa mbali. Shangazi alikuwa ameomba likizo, mkoba umefungwa, Baba Pacha ameshakata tiketi mbili. Simu za Hapana zikawa hazikatiki. Akasema ngoja nimalize hawa wa masikio, nitafuata. Baba Pacha akaenda peke yake. Akamwogesha kichanga peke yake, yeye ambaye maisha yake yote amezoea kushika kitambaa kisicholia, huku binti akimwelekeza kutoka kitandani. Shangazi alipofika, mtoto alikuwa anakaa.

Alilia. Hatukuwahi kumwona akilia kabla ya hapo. Akamwahidi binti wa pili kwamba siku yake ikifika, mama atakuwepo mlangoni kabla ya maji ya kuogea kuchemka. Na siku yenyewe ni mwanzoni mwa mwezi ujao. Ndiyo maana amechagua tarehe thelathini, baada ya kuahirisha kustaafu mara mbili kwa ajili yetu. Baba Pacha amefunga kibanda cha cherehani, amekata tena tiketi mbili, na safari hii amezificha.

Sasa sikilizeni yaliyotokea.

Mkurugenzi aliandika tangazo fupi la kuwajulisha wanachama kwamba Shangazi anastaafu. Akampa fundi wa mitambo aliweke kwenye ukurasa wa Habari za Ofisi. Fundi wetu ni mtu mwema, upara unang'aa na moyo pia, lakini siku hiyo alikuwa akipandisha mabadiliko ya tovuti tangu asubuhi, na mkono ulishazoea. Akaliweka kwenye ukurasa wa Mabadiliko Yanayopendekezwa. Tulipombana baadaye alituangalia kwa mshangao wa kweli, akauliza kwani si badiliko?

Ule ukurasa hujipanga wenyewe. Kwa hiyo wanachama walifungua tovuti wakakuta hivi: Kinachoondolewa: Shangazi. Kitakachowekwa badala yake: mtu wa picha. Faida kwa mwanachama: pakaachwa wazi. Na chini yake, vitufe viwili.

Mtu wa picha ni mimi, ninayeandika haya. Miaka kumi na moja nimekaa meza ya pili kutoka kwa Shangazi, nikisafisha picha za zamani zenye madoa ya maji na mikunjo. Nilikuwa sijaambiwa rasmi kwamba nitarithi dawati. Niliambiwa pamoja na wanachama wote, na maoni yao kunihusu niliyasoma kabla hata ya kupata kifungua kinywa.

Kura ya kwanza iliingia kabla fundi hajainuka kitini. Ukurasa ukajifunga kwa kufuli, kama Shangazi alivyotaka. Baada ya hapo ilikuwa mvua. "Faida haikuandikwa kwa sababu haipo." "Kwani ameharibika nini?" "Mlianza na rangi ya kijani, mkaja kwa baba yangu, sasa mnamchukua Shangazi." "Je, kutakuwa na kitufe cha kurudi kwenye toleo la zamani?" Mwingine aliunga mkono, ila kwa sharti kwamba awekwe upande wa kushoto kama ilivyokuwa mwanzo. Yule mama wa herufi kubwa aliandika neno moja, HAPANA, akaligonga mara nyingi mpaka likatoka nje ya fremu. Kuhusu mimi mmoja aliandika, "Huyu mtu wa picha ndiye aliyemtia bibi yangu meno meupe." Ni kweli, lakini nilidhani ni uchafu wa karatasi.

Kiongozi wao alikuwa Mjomba Hapana. Kila mfanyakazi wa hapa anamjua. Ni mpima ardhi mstaafu, mjane, mwenye ukoo mkubwa kuliko yote kwenye tovuti, na tangu ajiunge hajawahi kukubali badiliko hata moja. Mti ulipogeuzwa alisema Hapana. Tulipoweka kitufe cha Geuza ili kuwaridhisha waliosema Hapana, akasema Hapana. Ubaya ni kwamba wapwa zake na watoto wa wapwa zake hawasomi tangazo. Wanasubiri kuona mjomba kasemaje, nao wanabonyeza hivyohivyo. Shangazi akiwapigia simu kuuliza kilichowaudhi, wanajibu, "Sijui, muulize Mjomba." Naye humuuliza Mjomba, na Mjomba huwa na mengi ya kusema, kuanzia mistari ya mti kutonyooka mpaka hali ya hewa.

Safari hii pia Mjomba alisema Hapana, ukoo mzima ukafuata, na hesabu ikalala upande wao kabisa.

Mkurugenzi alisema hii ni kasoro ya kiufundi tu, haina nguvu yoyote, kustaafu ni haki ya mfanyakazi na barua imeshasainiwa. Sote tukashusha pumzi. Shangazi hakushusha. Akasema kwa miaka yote hii amewaambia watu hawa kwamba sauti yao inahesabiwa. Hata waliokataa vitu vya kipuuzi aliwahesabu. Leo wamekataa kitu kinachomhusu yeye, halafu apite juu yao kwa sababu yeye ndiye anayetaka kuondoka? Akasema wakiendelea kukataa mpaka siku ya mwisho, atabaki mpaka waridhike.

Jamani, tulimbembeleza. Mhasibu alimbembeleza, na huyo hajawahi kubembeleza hata mtoto. Mimi nilimkumbusha ahadi ya binti, akaniangalia kwa jicho lile ambalo sitaki kuangaliwa nalo tena. Baba Pacha alikuja ofisini mwenyewe, na mlinzi alishamjua siku hizi. Alikaa kwenye kiti cha wageni, kofia magotini, akasema kwa upole kwamba kichanga cha kwanza kilimponyoka kidogo kwenye beseni kwa sababu ya sabuni, na mpaka leo akikumbuka roho inamruka. Hataki kuogesha mtoto peke yake tena. Shangazi alimshika mkono mbele yetu sote. Lakini hakusema atakwenda.

Alichofanya ni kile anachokijua. Alikaa kwenye ule mto wake wa viraka, akavuta simu, akaanza kuwapigia waliosema Hapana. Ila safari hii jambo la kuwatetea lilikuwa ni yeye mwenyewe, na kumbe hilo hawezi. Mtu aliyewatuliza wenye viwiko na wenye meza za kuchonga, alikuwa anafika kwenye "nimechoka kidogo, wapendwa" sauti inakatika. Wengi walimwambia apumzike wiki moja kisha arudi. Mama mmoja alimpa ushauri wa kunywa maji mengi.

Mjomba Hapana alimweka mwisho, kama kawaida, kwa sababu simu ya Mjomba haina dakika tano. Nilikuwa palepale nikisafisha picha ya mtu aliyemwagikiwa chai usoni, kwa hiyo nilisikia upande mmoja. Alianza, "Haya niambie, nani kakuudhi?" Akasikiliza. Nadhani Mjomba aliuliza na yeye swali, labda kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo, maana Shangazi akaanza kusema yeye. Akamweleza kuhusu binti wa kwanza, masikio, mtoto aliyekutwa anakaa. Akamweleza kuhusu binti wa pili na ile ahadi ya mlangoni. Akasema anaogopa atamvunjia na huyu, na kwamba mtoto hazaliwi tena ili umwone vizuri mara ya pili. Alisema yote hayo huku machozi yanamtoka, anazungushia kidole waya wa simu. Kisha akasema "haloo, haloo," akaniangalia, akasema Mjomba kakata.

Jumatatu hii, siku ya mwisho ya maoni, chai ikaletwa. Shangazi akasimama na maoni yake mkononi kutusomea, kwa kuwa kazi ni kazi. Akafika kwa Mjomba. Alikuwa amebadilisha kura yake. Tulipiga kelele ya furaha, Shangazi akatunyamazisha kwa mkono, akasoma. Nayanakili yalivyo, kwa idhini ya mwenyewe:

"Mimi sijawahi kuchukia badiliko lolote la tovuti hii. Mti kugeuzwa niliupenda. Picha za duara nilizipenda sana, mimi nina masikio makubwa. Hata lile la kumpongeza marehemu babu lilinifurahisha. Nilisema Hapana kwa sababu anayesema Ndiyo hapigiwi simu. Tangu mke wangu afariki nyumba hii ina vyumba vinne na mtu mmoja. Wapwa zangu wananiheshimu lakini hawanipigii. Shangazi alinipigia kila mlipobadilisha kitu, nami niliomba mbadilishe vingi. Sasa binti yake anamhitaji. Mwacheni mama aende. Ndiyo."

Shangazi hakuigiza sauti ya mtu yeyote. Alisoma kama anavyosoma mtu aliyesahau miwani, neno kwa neno. Mhasibu alianza kutafuta kitu chini ya meza, na hakukuwa na kitu chini ya meza.

Kilichofuata hatukukitegemea. Ukoo wa Mjomba walibonyeza Ndiyo, hilo tulilijua. Lakini chini ya maneno yake wengine walianza kujitokeza mmoja mmoja, kama watoto walioulizwa nani kala sukari. Seremala aliandika kwamba ile meza ya kuchonga haikuwepo, yeye hutengeneza milango tu. Mkulima wa mboga alisema alibadilisha kura yake ya mti kutoka Ndiyo kwenda Hapana baada ya kuona jirani yake anapigiwa simu. Muuguzi alisema babu yake alipenda sana kukaa chini. Na yule mama wa herufi kubwa aliandika kwa herufi ndogo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, "hata mimi."

Miaka yote hiyo tulikuwa tunapeleka ripoti kwa bodi kwamba wanachama wetu hawapendi mabadiliko. Kumbe wengi waliyapenda, ila walimpenda Shangazi zaidi. Mchoraji wetu, aliyekuwa akinung'unika kila mwaka kwamba hakuna anayeelewa kipaji chake, sasa hashikiki.

Mpaka saa za kufunga, Ndiyo zilikuwa zimezidi kwa mbali. Badiliko limepita. Shangazi akavunja utaratibu wake mwenyewe papo hapo, akampigia simu mtu aliyesema Ndiyo. Sikumsikia Mjomba, ila nilimsikia Shangazi akisema, "Muongo mkubwa wewe, na mistari ya mti je?" Akacheka, akajifuta macho kwa kona ya mtandio, akacheka tena. Walizungumza mpaka mlinzi akaja kuuliza kama anaweza kufunga mlango. Baba Pacha alikuwa anasubiri chini, mbele ya duka la viatu, naye alimwona mkewe anashuka ngazi. Alitoa tiketi mbili kutoka ndani ya soksi.

Tangu siku hiyo Mkurugenzi amependekeza kwamba waliosema Ndiyo nao wapigiwe simu. Pendekezo limewekwa kwa wanachama kwa utaratibu wa kawaida, na mpaka tunakwenda mitamboni maoni yamegawanyika. Fundi wa mitambo ameomba tuseme kwamba safari hii ameliweka kwenye ukurasa sahihi.

Shangazi, tunakushukuru kwa masikio yako, ambayo hakuna duara lililoyaweza. Tunakushukuru kwa Jumatatu zako, kwa kutufundisha kwamba mwenye hasira hupigiwa simu kwanza, na kwa kutuvumilia sisi tulioharibu, tukakuachia wewe uombe radhi. Nenda na Baba Pacha, fika mlangoni kabla maji hayajachemka, mshike mtoto vizuri mahali penye sabuni. Tunakuombea afya, mapumziko, na wajukuu wasiokatika. Ishi vizuri, mama yetu.

Dawati usiwe na wasiwasi nalo. Mto nimeshaukalia, na simu imeshaanza kazi. Maoni ya kwanza kuhusu mtu wa picha kukalia kiti cha Shangazi yaliingia jana mchana, kutoka kwa mpima ardhi mmoja mstaafu. Amesema Hapana. Nitampigia Jumatatu, nikishapata chai.